Macho mekundu si ushahidi wa mbegu ya sungura

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wakazi wa Dar es Salaam wanaonunua sungura wa maonyesho, halafu baada ya miezi mitatu wanalalamika kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wapo waliotapeliwa kweli. Wapo pia walionunua wasichokijua kutoka kwa mtu ambaye hawakumuuliza swali hata moja, na hasara yao ingezuilika kwa nusu saa ya kukagua mbele ya kizimba, mizani ikiwa mkononi.

Ugomvi huanzia kwenye jina. Sungura wa kitoweo hupimwa kwa kilo. Sungura wa mbegu hupimwa kwa wazazi wake na kwa watoto anaowazaa; anaweza kukosa ukucha mmoja, akakataliwa na mwamuzi, na bado akazaa watoto wazuri kuliko yeye. Sungura wa maonyesho ni yule ambaye mwili wake mwenyewe, siku anayowekwa mezani, unafikia viwango vya aina yake: uzito, umbo, manyoya, rangi, kucha, meno. Muuzaji anaposema "hii mbegu nzuri," mnunuzi husikia "huyu atashinda," na kila mmoja anaondoka na mapatano yake kichwani.

Kisha umri. Mtoto wa wiki nane huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu bado hajulikani atakuwaje. Katika uzao wa watoto saba au wanane, anayefaa maonyesho anaweza kuwa mmoja, na upo uzao usio na hata mmoja ingawa baba na mama wote ni wa kiwango. Akifika miezi mitatu au minne sungura huwa na miguu mirefu na mgongo uliolala, na hata mfugaji mzoefu anaweza kumkadiria vibaya. Ndiyo maana mfugaji makini hukaa na watoto anaowatumainia mpaka miezi minne au mitano, akachagua wake, ndipo akauza wengine. Kwa aina kubwa kama New Zealand na California, viwango vya Marekani havimhesabu sungura kuwa mkubwa kamili mpaka atimize miezi minane. Ushauri wetu hatuuzungushi: anayetaka sungura wa maonyesho asinunue wa wiki nane. Anunue wa miezi mitano, alipe zaidi, amshike kwa mikono yake.

Sasa hayo macho mekundu. Jijini watu wengi wanaamini kwamba sungura mweupe mwenye macho mekundu ni New Zealand, basi. Weupe ule unatokana na jeni moja yenye kujificha. Sungura akiirithi kwa baba na kwa mama pia, atatoka mweupe mwenye macho mekundu, awe wa kienyeji, chotara au New Zealand halisi. Weupe wawili wa namna hiyo wakipandishwa, watoto wote watakuwa weupe, hata kama bibi na babu zao walikuwa sungura wa kilo mbili. New Zealand, ambaye licha ya jina lake alitengenezwa Marekani, hujulikana kwa mwili: dume mkubwa ana kilo 4.1 hadi 5, jike kilo 4.5 hadi 5.4. Mtoto wa ukoo mzuri akiwa na wiki nane hukaribia kilo 1.8. Kwa joto letu na chakula chetu anaweza kupungua hapo, lakini anayeonyesha gramu 900 kwenye mizani ama si wa aina hiyo, ama umri wake umedanganywa, ama anaumwa. Mpapase pia kutoka mkiani kuelekea kichwani: manyoya ya New Zealand hurudi yenyewe na kulala mara moja.

Kukagua kwenyewe kufanyike juu ya meza iliyotandikwa gunia ili mnyama asiteleze. Fungua midomo uone meno. Ya mbele ya juu yanapaswa kuyapita kidogo yale ya chini, kama makali ya mkasi. Yakikutana ncha kwa ncha, au ya chini yakitokeza mbele, achana naye. Meno ya sungura hayaachi kukua. Yasiposagana hurefuka mpaka mnyama ashindwe kula, na kasoro hiyo mara nyingi ni ya kurithi. Hesabu kucha: tano kila mguu wa mbele, ukijumlisha ile ndogo ya ndani, na nne kila mguu wa nyuma, jumla 18. Ukucha mmoja ukikosekana hana nafasi mbele ya mwamuzi. Geuza nyayo za nyuma. Zikiwa na vipara vyekundu au vidonda, amekaa muda mrefu kwenye waya usio na ubao wa kupumzikia. Ndani ya masikio, ukoko wa kahawia ni utitiri. Unatibika kwa dawa ya daktari wa mifugo, ila bei lazima ishuke na wenzake wote wa banda hilo wakaguliwe.

Pua usiiamini peke yake, kwa kuwa ni rahisi kupanguswa kabla mgeni hajafika. Angalia miguu ya mbele upande wa ndani. Sungura mwenye mafua hujifuta pua kwa miguu hiyo, na manyoya yake hugandamana kwa kamasi iliyokauka. Huyo usimchukue hata akitolewa bure. Mafua hayo huwa sugu, na akiingia bandani kwako atawaambukiza wengine wote.

Jinsia huwakosesha hata wazoefu kwa watoto wa wiki nane. Ukibonyeza taratibu sehemu za siri, dume hutokeza kijibomba cha mviringo na jike huonyesha mpasuko. Kwa dume wa miezi mitano hakikisha korodani zote mbili zimeshuka. Baada ya hapo mkalishe vizuri: miguu ya mbele chini ya macho, ya nyuma chini ya nyonga. Pitisha kiganja kutoka shingoni. Kwa aina za nyama, mgongo upande taratibu, ufike kilele juu ya nyonga, kisha uteremke kwa mviringo hadi mkiani. Kiganja kikikuta mifupa ya nyonga imechongoka, au makalio yamebanwa chini, umbo hilo halitanyooshwa na pumba wala peleti.

Kwa sungura wadogo wa kupendeza, wanaoitwa vibete, udanganyifu ni rahisi kupita kiasi, kwani kila mtoto wa wiki sita ni mdogo na ana masikio mafupi. Kibete wa Uholanzi akishakua hapiti kilo 1.1, na masikio yake ni kama sentimita 5. Hata hivyo hapa muuzaji anaweza kuwa mkweli na mnunuzi akasikitika vilevile. Vibete wawili halisi wakipandishwa, kwa wastani robo ya watoto hurithi jeni ya ubete mara mbili na kufa siku chache baada ya kuzaliwa, nusu huwa vibete, na robo iliyobaki hukosa jeni hiyo kabisa na kukua kuwa wakubwa wenye masikio marefu. Muulize mwenye banda: huyu ni wa fungu lipi? Ikiwa bado ni mdogo mno kujulikana, basi ni mdogo mno kununuliwa.

Yapo masikitiko ambayo si haki kumtupia muuzaji. Mfano ni California, mweupe mwenye pua, masikio, miguu na mkia mweusi. Weusi huo unategemea baridi: rangi hujitengeneza pale mwili unapopoa. Sungura aliyekulia Lushoto au Iringa akiwa na alama nyeusi tii, akiletwa Dar es Salaam wakati wa kaskazi, manyoya mapya yatakayoota yatakuwa hafifu, ya kahawia. Hakubadilishwa njiani. Damu yake ni ileile, na watoto wake wakilelewa kwenye baridi watatoka weusi. Anayetaka kumpeleka Nanenane ana bahati ya majira, kwa kuwa Juni na Julai kwetu ni kipupwe; amweke penye kivuli na upepo mapema, kabla hajaanza kupukutisha manyoya.

Dume naye hudhulumiwa na joto. Likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi, mbegu zake za kiume huharibika, na anahitaji wiki sita hadi nane za ubaridi ili arudi sawa. Dume aliyenunuliwa Februari akapandisha majike watatu bila mimba si lazima awe tasa. Mpe banda lenye paa la makuti au bati lililofunikwa, upepo upite, maji yasikatike, umjaribu tena baada ya masika kupoza hewa. Mimba ya sungura huchukua takriban siku 31, kwa hiyo hesabu si ngumu kuifuatilia.

Kuhusu karatasi, kadi ya ukoo yenye maana huonyesha vizazi vitatu: wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na wanane wa juu yao. Kila mmoja awe na namba, rangi na uzito. Lakini kadi isiyofungwa na mnyama ni karatasi tu. Marekani sungura huandikwa namba ya wino kwenye sikio la kushoto. Uingereza huvishwa pete mguuni akiwa mdogo. Hapa kwetu wino sikioni unatosha, mradi namba ya sikio na ya kadi zilingane. Wanaouza kwa picha za simu tunawaomba wanunuzi wawadai video fupi: sungura juu ya mizani, tarakimu zikionekana, kisha sikio. Na mtu asikubali dume na majike wawili kutoka uzao mmoja kwa kisingizio kwamba "wamezoeana." Hao ni ndugu, na kasoro zilizojificha zitaibuka kwa watoto.

Safari nayo huua. Sungura wa mikoani wanaoshushwa Stendi ya Magufuli hawapaswi kuwa wamefungiwa kwenye buti la basi. Tumia tenga lenye nyasi kavu chini, kila mkubwa na lake, safari iwe ya usiku au alfajiri, na pembeni iwekwe chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa. Mwombe muuzaji kilo mbili za chakula alichokizoea. Siku ya kwanza mpe nyasi kavu na maji, kisha changanya chakula chako robo kwa robo tatu za kile cha zamani, ukiongeza kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Mkubwa wa kilo nne zinamtosha gramu 100 hadi 120 za peleti kwa siku pamoja na nyasi bila kipimo. Matembele na mchunga yanyaushwe kwanza. Kuharisha kwa siku ya nne, ambako wengi hukuita "ugonjwa wa muuzaji," mara nyingi ni chakula kilichobadilishwa ghafla. Mgeni akae mbali na wenzake wiki nne, na ahudumiwe wa mwisho.

Mwisho, risiti. Iandikwe tarehe, namba ya sikio, jinsia, umri, uzito wa siku hiyo, na neno moja lisilo na utata: kitoweo, mbegu au maonyesho. Muuzaji akubali kurudishiwa sungura ikigundulika jinsia imekosewa au meno yana kasoro ndani ya muda mliokubaliana. Ushindi asiuahidi, kwa sababu hakuna mfugaji mwenye uwezo huo. Na wenye mabanda ya sungura katika viwanja vya Nanenane Morogoro tunawaomba jambo dogo mwaka huu: kila kizimba kining'inizwe kadi yenye namba, umri na uzito, na mizani iwe mezani ambapo kila mgeni anaweza kupima mwenyewe.

Wafugaji wa sungura,
Kinyerezi, Dar es Salaam