Survei ya vyura na reptilia usiku wa leo

Wadau habari za mchana, leo tunaingia msituni saa moja na nusu usiku, kamvua ka jana katatusaidia maana vyura wakishanyeshewa wanaita balaa, unawajua kwa sauti kabla hujawaona.

La kwanza kabisa ni gambuti. Sugua tope lote halafu loweka kwenye maji ya klorini, sitaki kusikia "nilisahau". Yule fangasi wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, anasafiri na tope la viatu, na mwaka 2019 wanasayansi walikadiria ameshatowesha spishi 90 za amfibia (vyura na jamaa zao) duniani, so sio mambo ya kujionyesha. Glovu mpya kwa kila chura, na ukipaka dawa ya mbu usimshike kabisa, ngozi yake inanyonya kila kitu.

Tochi iwe ya kichwani, karibu na macho, ndo utaona macho yao yaking'aa. Kinyonga mtafute kwenye ncha za vijiti, akilala anapauka hadi anaonekana kama jani limekauka.

Ndoo za mtego tulizozika kando ya ule uzio wa plastiki lazima zikaguliwe alfajiri, jua likipanda wanyama waliotumbukia wanakauka na siafu hawana huruma, juzi nimekuta mjusi kabaki mifupa tu nikasikia vibaya sana. Rudishieni majani mabichi humo ndani.

Nyoka picha tu, hakuna kushika, hata wewe unayejiita mzoefu 😂

Andikeni muda, joto, na umemkuta juu ya nini. "Kwenye mti" haitoshi jamani.