Kwa nini nashinda Mwenge

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Dada yako kakwambia siku hizi nashinda Mwenge kwa wachonga vinyago badala ya kulala nipumzishe mgongo, nawe umekuja juu. Sikia basi.

Dawa nameza, mazoezi ya viungo nafanya, kliniki siachi. Ila maumivu yakishavuka miezi 3 huwa na tabia yake: mara nyingi jeraha limepona, lakini mishipa ya fahamu na ubongo bado vinapiga yowe la mwizi. Na ukiyaogopa, mwili unakaza, yanazidi.

Mtaalamu wa mazoezi alinisimulia habari za Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn. Mwaka 1979, huko Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa kama mimi kutulia, kufuata pumzi, na kuyaangalia maumivu bila kugombana nayo. Mafunzo ya wiki 8. Nikajaribu nyumbani, macho nimefumba. Thubutu! Kufumba macho Manzese ni kusikiliza makonda tu.

Nikipata kitu cha kutazama, naweza. Kuna mzee pale Mwenge hunipa kigoda. Nachagua kinyago kimoja, kile cha Wamakonde cha ujamaa, watu wamebebana kuanzia chini hadi juu. Naanzia chini. Kisigino kimekanyaga bega la mwenzake. Mkono umezunguka mgongo wa mtoto, ukiufuata unapotelea nyuma. Mpingo ni mweusi ndani tu, nje una ganda la manjano hafifu, na huyu fundi kaliacha kidogo ubavuni. Kiuno kikichoma nasema haya, upo, upande wa kushoto. Kisha narudi kwenye kisigino. Mgongo hauponi, nisikudanganye. Ila mabega yanashuka, meno siyasagi, na usiku sikeshi nikiwaza mwakani nitakuwaje.

Michoro ya Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, nimeiona pia. Tangu marehemu Edward Saidi Tingatinga aanze mwaka 1968, kwa rangi za kupakia baiskeli, imependwa dunia nzima. Mizuri, lakini rangi zile zinanikimbiza macho, nami nataka cha kunichelewesha.

Mkanda wa mgongo usinunue, ninao. Nitumie nauli ya bajaji, daladala zinanirusha mno, na mzee wa kigoda ananidai fadhila, nimnunulie hata chai. Ukija Desemba twende wote. Simu utaniachia mimi mkobani.

Mama yako