Herufi M ya Malipo inamtesa keshia

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niongee na vijana wetu wanaotengeneza programu, hasa zile za skrini nyeusi yenye maandishi matupu, maana ndo zinazokubali kwenye kompyuta za zamani tulizonazo madukani.

Dada yangu ni keshia duka la vifaa vya ujenzi. Waliwekewa programu ya mauzo ya Kiswahili, tukafurahi kweli, Ctrl+H ni Hifadhi, Ctrl+I ni Ingiza bidhaa, Ctrl+M ni Malipo, unashika herufi ya kwanza tu basi. Sasa anaandika misumari kilo 3, anagonga Enter ashuke mstari wa pili, linamtokea dirisha la malipo, analifunga anaandika tena, linarudi, na mteja kasimama anamwangalia. Akikosea namba akibonyeza kufuta, inahifadhi ileile iliyokosewa! Wiki nzima anaambiwa yeye ndo hajui kompyuta, na hilo ndo limeniuma.

Nikakaa nayo jioni moja. Kwenye terminali, yaani hiyo skrini nyeusi ya maandishi, kila herufi kubwa ina namba yake ndani ya kompyuta, na ukishika Ctrl na herufi, kinachotumwa ni namba ya herufi ile ukitoa 64. M ni 77, inabaki 13, na 13 ndo Enter yenyewe. I inabaki 9 ambayo ni Tab, H inabaki 8 ambayo kwa baadhi ya terminali, ya dukani kwao ikiwemo, ndo kufuta. Programu itajuaje umebonyeza kipi wakati namba iliyofika ni moja? Na msikimbilie Ctrl+S, terminali nyingi inagandisha skrini mpaka ubonyeze Ctrl+Q, asiyejua atazima mashine na mauzo ya siku yapotee.

Kiswahili kibaki jamani, ila Malipo ipeni F4 au herufi tupu ndani ya menyu, na muandike chini ya skrini kama nano, ile programu ya kuandikia maandishi kwenye terminali, inavyofanya na mistari yake 2 ya vitufe. Orodha ya vitufe ikae kwenye faili lake pembeni, mwenye duka abadilishe mwenyewe. Halafu kabla ya kukabidhi simameni nyuma ya keshia saa za foleni muangalie vidole vyake vinaenda wapi.

Aliyetengeneza tulimpigia, Malipo kaihamishia F4 na tunamshukuru. Hifadhi bado iko Ctrl+H, dada anaandika namba kwenye daftari kwanza ndo anaingiza.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam