Asante, mwalimu wa maputo

Jina lako silijui, na uliondoka kabla sijakuuliza. Basi shukrani nazitoa hapa, kwako mama uliyeshika kipindi cha michezo cha darasa la kwanza mwalimu wao alipougua.

Ulianza na maputo. Mtu angeona ni kupoteza muda, kumbe puto hushuka polepole na kumpa mtoto nafasi ya kulifuata kwa macho na kutayarisha mikono. Mtoto wa miaka 5 au 6 akirushiwa mpira mgumu hufumba macho na kugeuza uso. Huo si uoga wa kukemewa, ni mwili unajikinga. Ndiyo maana ukaleta mipira mikubwa, laini, ukawabingirishia chini kwanza, kurusha baadaye.

Kwenye kurusha hukusema mengi: anayetumia mkono wa kulia atangulize mguu wa kushoto. Kwenye kudunda, vidole visukume, kiganja kisipige. Basi.

Ninalokushukuru zaidi ni kufuta foleni. Kila mtoto na mpira wake, au wawili kwa mmoja, hata ule wa soksi zilizokunjwa. (Kelele zile, jamani!) Binti yangu, ambaye kwenye foleni husubiri mpaka kengele inalia, siku hiyo alikuwa na mpira mkononi karibu kipindi kizima. Sasa anadunda nyumbani hadi jirani analalamika.

Ukisoma haya, mama, asante sana. Ukipata nafasi rudi, bado hawajajua kupiga kwa mguu.