Barua ya wazi kwa vijana wa mialoni: someni jina la karatasi kabla ya kuuza injini

Wanangu na wajukuu zangu wa Kirumba, Igombe na Kayenze, nanyi mlio ng'ambo ya maji ya Ziwa Victoria huko Nansio na Sengerema, mwangaluka.

Mimi ni bwana samaki mstaafu. Wazazi wenu wananifahamu, na baadhi yao hawanipendi hadi leo, kwa kuwa kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na rula mkononi, kupima matundu ya nyavu, kumpima sangara kama ametimiza sentimita 50, na kuuliza leseni. Siandiki kuwazuia msiende ughaibuni. Mtu mwenye nguvu na akili ana haki ya kuitafuta riziki mahali ilipo, na hata babu zetu waliovuka maji kwenda Ukerewe hawakuomba ruhusa ya wazee waliobaki nyuma. Ninaandika kwa sababu nimekasirika, na hasira yenyewe imekaa kifuani tangu mwezi uliopita, siku mpwa wangu aliposhuka kwenye basi la usiku pale Nyegezi akiwa na begi moja, akaniomba tupite njia ya nyuma ili majirani wasimwone.

Kijana huyo aliondoka hapa kwa shangwe. Injini ya mtumbwi ya baba yake, Yamaha iliyokuwa ikilisha watu tisa, iliuzwa; ng'ombe watatu wa bibi yake huko Magu wakauzwa; fedha zote akakabidhiwa bwana mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja na bango kubwa kuliko mlango, aliyeahidi kazi ya ghala huko Dubai na "viza ya miaka miwili". Viza ilikuja baada ya wiki chache na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Aliporudi, nilimwomba anionyeshe karatasi yenyewe. Aliitoa kwenye bahasha ya kaki, imekunjwa mara nne, pembe zimelainika kama noti ya zamani. Nilivaa miwani, nikaisogeza karibu na taa, na haikunichukua dakika moja. Kwenye mstari wa aina ya kibali paliandikwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtalii. Chini yake: kuingia mara moja. Chini yake tena: siku 60.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hukuisoma?"

Akanijibu, "Mjomba, niliona picha yangu na jina langu, nikajua ndiyo viza."

Jibu hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Ninyi ni watoto wa wavuvi na mnajua kwamba leseni ya mvuvi si leseni ya chombo, na kwamba mtumbwi ulioandikishwa kuvua dagaa hauwi kivuko kwa sababu tu umepakia abiria kumi na wawili na mwenyewe ana haraka. Mnajua kwamba bwana samaki akikukuta na wavu wa dagaa, hakuulizi kama una leseni ya aina yoyote. Anauliza leseni ya kitu hicho unachokifanya saa hiyo. Sasa imekuwaje watu wenye akili ya namna hiyo wakifika kwenye habari za nje ya nchi wanasema "viza" kana kwamba ni kitu kimoja, kama tiketi ya kivuko cha Kamanga? Kuna karatasi inayokuruhusu kuingia na kutembea. Kuna inayokuruhusu kuishi bila kufanya kazi, na inayokuruhusu kufanya kazi kwa mwajiri mmoja tu, aliyetajwa kwa jina. Kuna inayokuruhusu kusoma na kufanya kazi kwa saa chache. Na iko ile adimu inayosema kaa, fanya kazi yoyote utakayo, hakuna atakayekuuliza. Majina yake ni tofauti, bei zake ni tofauti, na anayekuuzia ya kwanza kwa bei ya ile ya mwisho ni mwizi, hata kama anasali safu ya mbele.

Nieleze kidogo jinsi mambo yanavyokwenda katika Falme za Kiarabu, kwa kuwa ndiko wengi wenu mnakokimbilia. Kule mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi; kisha hufuata vipimo vya afya, kitambulisho cha mkaazi, na kibali cha ukaazi ambacho kwa wafanyakazi wengi ni cha miaka miwili. Sheria yao ya kazi inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, wala mwajiri haruhusiwi kukushikia pasipoti. Kwa hiyo mtu anapokudai mamilioni akisema ni "gharama za kampuni ya kule", jiulize ni kampuni gani inayovunja sheria ya nchi yake kabla hata hujafika. Mpwa wangu alipofika hakukuta ghala wala kampuni. Alilala watu wanane chumba kimoja, akafanya vibarua vya kufichaficha, siku 60 zikaisha, na faini ya kuzidisha muda ikaanza kuhesabu dirhamu 50 kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo. Alipopata ujasiri wa kujitokeza, ilikuwa imefika dirhamu 7,000. Ukoo ukachanga tena kumrudisha, na waliochanga ni walewale waliouza ng'ombe.

Jueni pia kwamba ukaazi wa Ghuba umefungwa kwenye kazi. Mtu anaweza kukaa huko miaka thelathini, akazaa na kusomesha, na siku kazi inapokwisha akatakiwa kufungasha. Falme za Kiarabu zina kibali cha miaka 10 kilichoanza mwaka 2019, kile cha dhahabu, lakini hicho ni cha wenye mitaji, wenye majumba ya mamilioni ya dirhamu na wenye vipaji vya juu. Msidanganywe kwamba kinapatikana kwa mtu wa ghala.

Kwa upande wa nchi zenye njia ya kufikia ukaazi wa kudumu, nitapita upesi, maana kanuni zao hubadilika na ni wajibu wenu kuzisoma kwenye tovuti za serikali zenyewe, ambazo ni bure. Kanada ina mfumo wa alama uitwao Express Entry, ulioanza mwaka 2015, unaopima umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi; anayekwenda kwa kibali cha masomo anaweza baadaye kupata kibali cha kazi cha hadi miaka mitatu, ila si kila chuo kinachotoa haki hiyo, na hapo ndipo wengi wanapouziwa chuo kisicho na mlango wa kutokea. Ukishapata ukaazi wa kudumu wa Kanada, unatakiwa uwe ndani ya nchi hiyo kwa siku zisizopungua 730 katika kila miaka mitano, kwa hiyo huwezi kuupata halafu ukarudi kukaa Buswelu ukiuweka kabatini kama cheti cha ubatizo. Uingereza inataka mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kutoka nje, na orodha ya waajiri hao imewekwa hadharani. Tangu Julai 2025 imefunga mlango wa kuajiri wahudumu wa kutunza wazee kutoka nje. Nayasema haya kwa sababu nimemsikia kwa masikio yangu dalali akiiuza nafasi hiyo katika hoteli moja hapa mjini, baada ya mlango kufungwa.

Ujerumani ina mafunzo ya ufundi ambayo mwanafunzi hulipwa posho huku akijifunza kazi, na tangu Juni 2024 ina kadi ya fursa, Chancenkarte, inayomruhusu mwenye ujuzi kwenda kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja, mradi aonyeshe kwamba ana fedha za kujikimu. Mafunzo yale kwa kawaida yanadai Kijerumani cha daraja la B1, yaani cha kiwango cha kati. Lile Jiwe la Bismarck mnalopigia picha ziwani linabeba jina la kansela wa watu waliokuja huku bila kumwomba mtu viza, na leo sisi tunadaiwa cheti cha lugha yao. Lakini kucheka hakutatupatia cheti, basi jifunzeni.

Narudi kwa madalali, maana sijamaliza nao. Wapo mawakala halali wa ajira, wenye leseni ya serikali, na mnaweza kuuliza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kabla ya kutoa hata shilingi. Lakini dalali wa viza ana tabia moja ambayo ningewaomba mwichunguze: hapendi uione fomu. Anajaza yeye, anasaini yeye, barua pepe ni yake, na nywila anayo yeye. Akikuandikia kwamba umefanya kazi benki miaka minne wakati hujawahi kuingia benki ila kutoa fedha, muongo machoni pa ofisi ile ni wewe. Kanada humfungia mlango kwa miaka mitano aliyetoa taarifa za uongo. Uingereza inaweza kumfungia miaka kumi aliyetumia udanganyifu. Kijana wa miaka 22 anafungiwa hadi atimize 32 kwa sababu ya sentensi ambayo hakuiandika wala kuisoma.

Mambo madogo: pasipoti iwe na muda wa kutosha. Cheti cha kuzaliwa kiwe cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Vyeti vya shule vihakikiwe mapema. Na majina yafanane kila mahali, jambo linalotusumbua sana sisi Wasukuma, kwa kuwa mtoto anaandikwa Ng'wandu kwenye cheti cha kuzaliwa, mwalimu anaandika Mwandu kwenye cheti cha kidato cha nne, na karani wa tatu anaona alama ile ya juu kama uchafu wa kalamu, anaifuta. Ofisa wa ubalozi hajui Kisukuma. Anaona watu watatu. Rekebisheni kwa hati ya kiapo kabla ya kuomba pasipoti, si baada ya kunyimwa viza.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa hunong'ona tu. Wapo wanaozamia, wanaobaki baada ya muda kwisha wakibeba boksi kwa kujificha, na wapo "wanaojilipua", yaani wanaotupa pasipoti ya Tanzania na kuomba hifadhi kwa kudai kwamba wametoka Burundi au Somalia. Siwahukumu wote, maana dhiki ina meno. Ila ninamjua mwanamume mmoja, wa rika la wanangu, ambaye mama yake alifariki hapa Mwanza katika msimu wa mvua. Yeye hakuwa na karatasi ya kutokea na kurudi, wala hakuweza kuonyesha kwamba ana mama Tanzania wakati jalada lake linasema yeye si Mtanzania. Tulimshikia simu kaburini. Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye kioo, na mdogo wake alikuwa akikifuta kwa kanga, akifuta na kufuta, ili kaka yake aone udongo ukiingia. Sauti yake ilikuwa ikikatika. Aliendelea kuuliza, "Mmeshamaliza?" na hakuna aliyetaka kumjibu.

Mkifika hatua ya uraia, jueni kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ujerumani tangu Juni 2024 imeacha kuwataka wanaopata uraia wake waukane ule wa zamani, na wapo wanaodhani wamepona. Lakini unapochukua uraia wa nje kwa hiari yako, ni sheria ya Tanzania inayokuondoa, na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia. Ile hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania ni jambo jema, lakini haikurudishii kura yako. Ukaazi wa kudumu haukuvui uraia. Pimeni kabla ya kula kiapo, hasa wenye viwanja.

Sasa niwageukie wazazi, maana lawama si ya vijana peke yao. Tumelea watoto wanaomaliza kidato cha nne bila kuwahi kufundishwa kusoma mkataba wa ukurasa mmoja. Tunafanya sherehe ya viza kabla ya kuisoma viza. Tumeona pasipoti zikiwekwa madhabahuni ziombewe, na hakuna hata mzee mmoja wa kanisa aliyesimama na kusema, tuifungue kwanza tuone imeandikwa nini. Tena tumeifanya aibu ya kurudi kuwa kubwa kuliko hatari ya kubaki, hadi kijana anaona afadhali alale kwenye chumba cha watu wanane akihesabu faini kuliko kusikia jirani akimwuliza kama amekuja likizo. Mimi mwenyewe nilikuwepo kwenye vile vigelegele. Nilikula pilau, nikatoa nasaha ndefu kuhusu kumcha Mungu na kuwakumbuka wazazi, na sikuomba kuiona karatasi, mimi niliyeishi kwa kuomba karatasi za watu.

Mpwa wangu sasa yuko Kirumba, anashusha dagaa kutoka kwenye mitumbwi ya wengine. Wiki mbili za mwanzo hakutoka nje. Juzi alikuja jioni, akakaa bila kusema neno, kisha akaniuliza kama ada ya darasa la Kijerumani ni lazima ilipwe yote mara moja. Ana fomu, lakini kuna mistari miwili hajaielewa. Nimemwambia ailete Jumamosi saa kumi, fomu yenyewe na si picha yake kwenye simu, na aje amekwisha kuisoma mara mbili. Mwingine yeyote mwenye karatasi ya namna hiyo aje pia. Nipo barazani, na miwani ninayo.

Babu yenu, bwana samaki mstaafu,
Kirumba, Mwanza