Mwalimu wa muziki ajue kufungua tarumbeta

Mhariri,

Wanachuo wengi wa ualimu wa muziki wanahitimu wakijua nota, ila hawajawahi kufungua tarumbeta. Shuleni ndiko wanakokwama.

Pistoni, yaani zile vali zinazobonyezwa kwa vidole, zikigoma, mara nyingi ni mate yaliyokauka na vumbi. Zitolewe moja moja, zioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, zifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha zipakwe matone 3 au 4 ya mafuta ya pistoni. Mafuta ya kupikia huzigandisha zaidi. Kila pistoni ina namba yake. Ya 1 ikiingia tundu la 3, hewa haipiti hata mtoto apulize mpaka macho yamtoke. Na kipande cha mdomoni kikinasa, jamani, koleo marufuku: kukinyonga hung'oa lehemu ya bomba.

Kuna na suala la ufunguo wa muziki, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Piano ikiwa F, tarumbeta ya B-flati husoma na kupiga G, saksafoni alto D, ndipo sauti zilingane. Asiyejua hilo huwagawia wote karatasi moja, kisha huwalaumu watoto kwa makelele.

Bendi za jeshi na polisi zina watu wanaoijua kazi hii. Vyuo viwaalike wafundishe walau muhula mmoja, ala zikiwa mezani.

Mwalimu wa bendi,
Morogoro