Kabla ya baraji mpya ya Ruzizi III, mpime kwanza milango iliyopo

Bwana Mhariri,

Naandika toka Bukavu juu ya milango ya baraji (mabwawa ya umeme) za mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu, maana hapa kwetu tunaisema siku umeme ukikatika tu, ukirudi tunanyamaza. Sashe na chupa za plastiki zinazoshushwa na mito kama Kawa zinajaa ziwani, zinaenda kukwama pale maji yanapotokea, hiyo kila mtu anajua. Lakini mto hauishii kwenye mashine jamani! Ruzizi I iko tangu mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, na chini yao maji yanapita bonde lote mpaka Ziwa Tanganyika, kwenye matete ambamo samaki wanazaliana na viboko wanashinda, upande wa Burundi hata wamepafanya hifadhi ya taifa. Yale matete nani anayapigia hesabu?

Kule Cape Cod, Marekani, Mto Herring ulizibwa mwaka 1909 kwa tuta lenye milango ya bawaba, yaani bahari ikipwa maji ya mto yanausukuma mlango yanatoka, bahari ikijaa inausukuma unajifunga wenyewe. Walitaka kupunguza mbu na kupata ardhi kavu. Kinamasi cha maji chumvi kikakosa chumvi yake, udongo ukadidimia na kuwa na asidi, samaki wakafa. Miaka mia na zaidi imepita ndio wakaanza kujenga daraja lenye milango ya kufungua kidogo kidogo, huku wanapima maji na kuangalia nyumba na barabara za watu zisifurike, na mimi hapo njo napapenda, hawakubomoa tuta siku moja wakaenda zao.

Sisi hatuna bahari, ila milango tunayo, na Ruzizi III inakuja. ABAKIR, yaani mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi, na nchi zetu tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, watutolee wazi maji yanaachiliwa saa ngapi na kiasi gani, watembee bonde lote pamoja na wavuvi na wakulima wa kule chini, waone kinamasi kipi kinakauka na kipi kinazama, halafu kanuni za kufungua milango ziandikwe upya kwa kufuata hayo, siyo umeme peke yake. Na huku juu, wanaomwaga udongo kwenye matete ya pembeni ya ziwa ili wajenge nyumba wasimamishwe sasa, kabla ya kuta kupanda.

Mkaaji wa Ibanda, Bukavu